Tupeane uzoefu: Mkataba wa Carey Price ulikuwa kosa, au tulimhukumu haraka?

Wakuu, salaam. Tangu Septemba 2025, Montreal Canadiens walipoupeleka mkataba wa kipa wao Carey Price, asiyecheza tena kwa sababu ya goti, kwa San Jose Sharks pamoja na chaguo lao la raundi ya tano la mwaka 2026 (nafasi ya kuchagua mchezaji chipukizi), wakapewa beki mmoja kijana, nimekuwa nikijiuliza kama sisi tulioujadili mkataba ule kwa maneno makali tulikuwa tunamjadili mtu au tunajadili hesabu. Wengi wetu tulioifahamu hoki ya barafuni baada ya kuhamia Kanada tulijifunza mchezo huu kupitia kipa huyo, kwa hiyo naomba kila mmoja aeleze alichokiona yeye mwenyewe, si alichokisikia redioni.

Naanza. Mwaka 2017 nilikuwa nafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha mikate kaskazini mwa Montreal. Msimamizi wetu alikuwa mzee wa Kiquebec ambaye redio yake ilikaa juu ya rafu ya hamira na haikuzimwa hata siku moja. Usiku wa tarehe 2 Julai alikuja kwenye meza ya kukandia, akaandika 84 kwa kidole juu ya unga, akanitazama, kisha akaifuta kwa kiganja na kuendelea na kazi. Nilielewa baadaye kwamba hizo ni dola milioni 84 kwa miaka 8, yaani wastani wa milioni 10.5 kwa msimu, mkataba mkubwa kuliko wa kipa yeyote katika NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, wakati huo, na kwamba aliyeutia saini alikuwa amebakiza wiki chache kutimiza miaka 30. Mkataba wenyewe ulikuwa unaanza msimu wa 2018–19. Kabla haujaanza, katika msimu wa 2017–18, Price alishinda mechi 16 akapoteza 26 ndani ya muda wa kawaida, na mimi niliyekuwa nalipwa kwa saa nikawa miongoni mwa waliosema kwamba huyu ameshashiba, hana tena sababu ya kujitupa chini. Nililisema hilo mbele ya watu wengi, na sijalisahau.

Mchangiaji wa Sherbrooke, mhasibu, asili yake Bujumbura

Mwenye mada, umefungua jambo ambalo watu hulizungumza kwa hasira kwa sababu hawajaliweka katika daftari. NHL ina kikomo cha mishahara ambacho timu hairuhusiwi kukivuka, na msimu mkataba huo ulipoanza kilikuwa dola milioni 79.5 kwa kikosi kizima. Fikirieni kikoba chenye wanachama zaidi ya ishirini, ambamo mmoja peke yake anachukua zaidi ya asilimia 13 ya mfuko, na asiruhusiwe kuondolewa bila ridhaa yake, kwa kuwa mkataba ulikuwa na kipengele kinachozuia ahamishwe. Waliokubali masharti hayo walitegemea kwamba kikomo kingepanda kila mwaka na kuufanya mzigo uonekane mwepesi. Ikaja korona, kikomo kikagandishwa kwenye milioni 81.5, na mzigo ukabaki vilevile. Kufikia msimu wa 2025–26 kikomo kiliwekwa milioni 95.5. Laiti ukuaji huo ungekuja miaka mitano mapema, sidhani kama mada hii ingekuwepo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulikosea. Mchezaji akiwekwa katika orodha ya majeruhi wa muda mrefu, timu inaruhusiwa kuvuka kikomo kwa kiasi kinacholingana na mshahara wake, na hapo watu husema kwamba basi mkataba haudhuru chochote. Unadhuru. Timu inayotegemea ruhusa hiyo haiwezi kujiwekea akiba ya nafasi siku hadi siku katika msimu, na bonasi za wachezaji chipukizi zikivuka mstari huhamishiwa mwaka unaofuata kama deni. Ndiyo maana Canadiens walisubiri bonasi ya mwisho ya Price ilipwe mwanzoni mwa Septemba 2025, mshahara uliosalia ukawa karibu dola milioni 2 tu, ndipo wakapata wa kuupokea. Kwa jicho la mhasibu naona mkataba ulikuwa mbaya tangu siku ya kwanza, lakini anayeandika kiasi kwenye hundi ni mwenye akaunti, na kipa hakuwa mwenye akaunti.

Mchangiaji wa Laval, dereva wa basi, asili yake Bukavu

Mimi hesabu nawaachia wenyewe. Ninachokumbuka ni tarehe 24 Juni 2021, sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambayo hapa Quebec ni sikukuu ya taifa. Canadiens walikuwa wameingia hatua ya mtoano wakiwa katika nafasi ya 18 kwa pointi, wakatoka nyuma mechi 3 kwa 1 dhidi ya Toronto, wakawafagia Winnipeg nne kwa bila, na usiku huo walikuwa wanacheza mechi ya sita na Vegas. Ukumbini waliruhusiwa watu 3,500 peke yake kwa sababu ya korona, kwa hiyo mji mzima ulikuwa nje.

Nilikuwa zamu. Nilipofika kituo cha katikati ya mji abiria watatu waliteremka na wa nne akabaki mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, simu mkononi, akinisihi nisiondoke kwanza kwa sababu ni muda wa nyongeza. Utaratibu wa kazi haukuniruhusu, lakini barabara mbele yangu ilikuwa imeshajaa watu, sikuwa na pa kwenda. Lehkonen wa Canadiens alipofunga bao la tatu, la ushindi, yule abiria aliangusha simu chini ya kiti changu, akanishika shingo kama ndugu aliyepotea. Canadiens hawakuwa wamefika fainali tangu 1993. Basi lilikaa pale zaidi ya saa moja huku watu wakilipiga ubavu kama ngoma, na kijana mmoja mwenye jezi namba 31 akawa anabusu kioo cha mbele. Mhasibu wetu wa Sherbrooke aniambie usiku ule unaingia katika safu ipi ya daftari lake.

Mchangiaji wa Toronto, muuguzi, asili yake Mombasa

Mimi ni shabiki wa Maple Leafs, timu ya Toronto, kwa hiyo nimeingia ugenini, mnistahi. Mechi yetu ya saba na Canadiens, ya tarehe 31 Mei 2021, ilihudhuriwa na watu 550 pekee, wote wahudumu wa afya waliokwisha kuchanjwa. Dada mmoja wa zamu yangu alipata tiketi. Sisi wengine tuliiangalia katika chumba cha mapumziko, chai ikipoa. Toronto ndio waliokuwa na washambuliaji wa bei, na Toronto ndio waliopata bao moja tu, tena dakika za mwisho kabisa, mechi ikaisha 3–1. Yule dada alirudi kesho yake akasema kwamba ukikaa karibu, jambo la kutisha kwa Price ni kwamba haruki. Makipa wengine huokoa kwa vurugu. Yeye kisahani, kile kinachopigwa badala ya mpira, kinamkuta ameshafika, kama mtu aliyesimama kituoni akingoja basi ambalo ratiba yake anaijua.

Mkataba wake ulituumiza sisi kuliko ulivyowaumiza nyinyi. Hayo tu.

Mchangiaji wa Gatineau

Mnapendezesha. Walipoteza fainali kwa Tampa Bay katika mechi tano. Kipa wa dola milioni 10.5 kwa mwaka anatakiwa kuleta Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL, na hakulileta. Baada ya fainali hiyo alicheza mechi tano tu hadi leo. Majonzi ni jambo moja, matokeo ni jambo jingine.

Mchangiaji wa Quebec, mfanyakazi wa zamani wa ghala, asili yake Lubumbashi

Kaka wa Gatineau, nakujibu kwa heshima, kwa sababu miaka michache iliyopita ningeandika kama wewe.

Katika ghala nililokuwa nafanyia kazi niliteleza nikiwa na sanduku mikononi, goti likageuka upande ambao goti haligeuki. Daktari aliniambia gegedu imechanika. Nililipwa fidia, sehemu ya mshahara wangu, kwa miezi kadhaa, na katika miezi hiyo nilijifunza jinsi watu wanavyokutazama unapotoka kwenda kununua maziwa. Nikitembea vizuri, waliona nadanganya. Nikichechemea, waliona naigiza. Jirani mmoja, mtu wa kwetu kabisa, aliniuliza kwa kicheko kama na yeye angeweza kupata goti la namna hiyo.

Price alifanyiwa upasuaji wa goti Julai 2021, wiki chache baada ya fainali. Oktoba akaingia katika mpango wa ligi wa kuwasaidia wachezaji, na Novemba akaandika mwenyewe, hadharani, kwamba alikuwa amekwenda kutibiwa matumizi ya vilevi. Watu walimsifu kwa wiki mbili. Kisha wakaanza kuuliza kwa nini hastaafu rasmi. Jibu ni kwamba angestaafu angepoteza fedha zilizobaki katika mkataba, na timu nayo isingefaidika sana kwa yeye kufanya hivyo. Goti hilo liliharibika kazini. Mtu aliyeumia kazini akilipwa alichoandikiana na mwajiri, hiyo ni haki yake, iwe ni dola kumi au milioni kumi. Mimi sikuwahi kuambiwa nirudishe fidia yangu ili ghala liajiri mtu mwenye goti zima.

Mchangiaji wa Prince George, British Columbia, mwalimu

Naomba tusimwanzie mtu huyu Montreal. Mama yake, Lynda, aliwahi kuwa chifu wa Ulkatcho, mojawapo ya Mataifa ya Kwanza, yaani wenyeji asilia wa Kanada, na Price alikulia Anahim Lake, ndani kabisa ya jimbo letu. Timu ya watoto iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa Williams Lake, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Baba yake, Jerry, ambaye naye alikuwa kipa, alinunua ndege ndogo akawa anampeleka mazoezini kwa ndege.

Mwaka 2015 Price alichukua tuzo ya Hart ya mchezaji bora wa ligi na Vezina ya kipa bora, baada ya msimu wa ushindi wa mechi 44, ambayo ni rekodi ya klabu. Alipopanda jukwaani, alisema maneno machache kwa lugha ya watu wa mama yake, kisha akawahimiza vijana wa Mataifa ya Kwanza wasikate tamaa. Darasani kwangu kulikuwa na mtoto mmoja ambaye kwa mwaka mzima hakuwa amenyoosha mkono. Asubuhi iliyofuata aliunyoosha, si kujibu swali, bali kunisahihisha jinsi ninavyotamka jina la kijiji cha bibi yake. Nililiandika ubaoni kama alivyolitamka, na likakaa pale hadi shule ilipofungwa.

Sisi tunaolea watoto wanaojibu kwa Kiingereza au Kifaransa tukiwasalimia kwa Kiswahili, naona tungekuwa wa kwanza kuelewa uzito wa jambo hilo.

Mwenye mada

Nimesoma yote, na nashukuru. Kaka wa Gatineau ana haki ya kudai kombe, ingawa ningemwomba akumbuke msimu wa 2015–16, timu ilipoanza kwa kushinda mechi 9 mfululizo, Price akaumia baada ya mechi 12, na timu hiyohiyo ikashindwa hata kufika mtoano. Hapo ndipo palipoonekana alikuwa anabeba nini. Viongozi walioona hilo kisha wakamwekea milioni 10.5 mezani walikuwa wanalipia hofu yao wenyewe. Na Julai 2021 yeye mwenyewe alikubali kukiondoa kile kipengele cha kutohamishwa ili klabu iweze kumlinda kipa wake wa pili, Jake Allen, Seattle, timu mpya ligini, walipokuja kuchagua wachezaji kutoka timu nyingine. Seattle wakampita Price bila kumchagua. Mtu anayeng'ang'ania fedha za watu hafanyi hivyo.

Ana ushindi wa mechi 361, zaidi ya kipa yeyote wa Canadiens. 314 za Jacques Plante, kipa wa zamani wa klabu hiyo, alizipita Machi 2019. Ana dhahabu ya Sochi 2014, ambako mechi mbili za mwisho hakufungwa kabisa. Ilipotangazwa orodha ya Ukumbi wa Umaarufu wa hoki, unaoenzi wachezaji bora, mwaka 2025 jina lake halikuwamo, na mimi sioni kwamba hoja ya mkataba inapaswa kuingia katika chumba kile cha kura hata kidogo.

Mchangiaji wa Longueuil

Mimi nilikuwepo tarehe 29 Aprili 2022. Msimu ulikuwa umeshaharibika, Canadiens wako mkiani mwa ligi, na Florida, waliokuwa vinara, walipumzisha baadhi ya watu wao, kwa hiyo msishangae sana nikisema tulishinda 10–2. Tiketi nilipewa na mwenye nyumba wangu ambaye hakuona sababu ya kwenda.

Hatukujua kwamba ni ya mwisho. Hata hivyo, filimbi ilipolia watu hawakutoka. Kulikuwa na mzee mbele yangu aliyekuwa ameshavaa koti na glavu, akakaa tena chini nazo. Price aliinua kofia yake kuelekea majukwaani, akazunguka, akaondoka taratibu kwa mguu ambao, ukiutazama vizuri, ulikuwa unavutwa. Yule mzee alingoja mpaka mlango wa barafuni ulipofungwa, ndipo akavua glavu moja na kupangusa miwani.