Mini ya mwaka 1974: nitoke kwenye rimu za inchi 10 niende 12 au 13?

Mjukuu wa Raskazone

Assalaam aleikum wakubwa zangu. Babu yangu mzaa mama ameniachia gari dogo aina ya Mini 1000, la mwaka 1974, ambalo lilikaa bandani hapa Raskazone, Tanga, muda mrefu kiasi kwamba kuku walishazoea kutagia kwenye kiti cha nyuma. Kutu ya upepo wa bahari nimekwisha kupambana nayo, injini inawaka, na breki zimefanyiwa kazi. Kilichobaki ni magurudumu. Rimu ni za inchi 10, na matairi yaliyopo yana nyufa unazoweza kuingiza ukucha. Moja lina tarakimu 2303 ubavuni, nikaambiwa kwamba maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2003. Nimezunguka maduka ya Ngamiani na sikupata tairi la gari la ukubwa huo.

Fundi wangu anapendekeza rimu za inchi 13, kwa hoja kwamba gari litanyanyuka na halitagonga tumbo ninapokwenda shambani Muheza. Jirani yangu anasema niweke za inchi 12 ili nifunge matairi ya kirikuu (kigari kidogo cha mizigo), yanayouzwa kila kona. Naomba ushauri wa yeyote aliyewahi kufanya jambo hili: je, madigadi yatakatwa, na spidomita itasema kweli?

Fundi Mstaafu, Pongwe

Waalaikum salaam, mwanangu. Nianze na hoja ya kunyanyuka, kwa kuwa ndiyo inayowapoteza wengi. Ukubwa wa rimu si ukubwa wa gurudumu. Tairi la awali la gari lako, 145/80R10 (yaani upana wa milimita 145, ubavu wa asilimia 80 ya upana huo, rimu ya inchi 10), lina kipenyo cha milimita 486 hivi. Tairi ambalo hufungwa kwenye rimu ya inchi 13 ya gari hilo ni 175/50R13, na kipenyo chake ni milimita 505. Tofauti ni milimita 19, na kwa kuwa gari hunyanyuka kwa nusu tu ya tofauti hiyo, utakuwa umetumia fedha zako zote kupata kimo kisichofika sentimita moja. Rimu imekua, lakini ubavu wa tairi umepungua kutoka milimita 116 hadi 87 na nusu, na ubavu huo ndio unaomeza mashimo kabla hayajafika kwenye rimu. Kwa njia ya shambani, hapo umepata hasara.

Rimu za inchi 12 ni habari nyingine. Kiwanda chenyewe kilizifunga kwenye Mini zote kuanzia mwaka 1984, na sababu haikuwa urembo: walitaka nafasi ya kuweka diski za mbele za inchi 8.4. Gari lako la mwaka 1974 lina breki za drum mbele, na rimu za inchi 12 zinapita juu ya drum hizo bila tatizo. Ukifunga 165/60R12 kwenye rimu yenye upana wa inchi 4.5 au 5, kwa kawaida hutakata kitu. Za inchi 13 zenye upana wa inchi 6 au 7 ndizo zinazodai vipanuzi vya digadi, na mara nyingi msumeno pia.

Jambo la kuchunga kuliko yote ni matundu ya nati. Mini ina nati nne zilizokaa kwenye duara la milimita 101.6. Magari mengi madogo ya Kijapani yaliyojaa mjini yana duara la milimita 100, na utakutana na mtu atakayekuapia kwamba rimu zake zinaingia. Zinaingia, ndiyo, kwa kulazimishwa. Nati zinakaa upande, zinalegea, na siku moja utaliona gurudumu lako likikutangulia. Rimu za kirikuu nazo hazifai, kwa sababu matundu yake hayalingani kabisa.

Mkazi wa Chumbageni

Mimi nilikuwa na Mini miaka iliyopita, na ushauri wa jirani yako niliufuata bila kuulizwa. Nilipata rimu halali za inchi 12, nikafunga matairi ya kirikuu, 145R12. Tairi hilo halina namba ya ubavu baada ya upana, na mimi sikujua kwamba maana yake ni ubavu mrefu. Kipenyo chake kinafika milimita 537. Gari lilinyanyuka kweli, sentimita mbili na nusu, nami nikatamba mtaani kwa wiki nzima.

Kisha nikapakia watu wanne kwenda Muheza. Kila nilipokata usukani kwenye kona, tairi la mbele lilikwangua ukingo wa ndani wa digadi kwa sauti kama ya mtu anayekuna nazi. Spidomita iliposoma 60, nilikuwa naenda 66. Kilichonikata tamaa kabisa ni kilima cha kwenda Amani, kwani tairi kubwa hurefusha gia, na injini ya cc 998 haina nguvu ya kuhonga: gia ya tatu ilikataa, ya pili ikalia, na abiria wawili wakashuka kwa hiari yao. Juu ya yote, matairi yale yametengenezwa kwa gari la kubeba mizigo, nayo Mini haifiki kilo 700, kwa hiyo ilikuwa inadunda kama mpira.

Niliyauza kwa mwenye kirikuu, na alinishukuru.

Mpenzi wa Magari ya Zamani

Naomba kutofautiana kidogo na mzee wangu wa Pongwe. Issigonis, aliyelibuni gari hili, alichagua magurudumu ya inchi 10 kwa makusudi, ili yasile nafasi ya abiria, na Dunlop wakalazimika kutengeneza tairi maalumu kwa ajili yake kabla gari halijatoka mwaka 1959. Usukani mwepesi unaosifiwa unatokana kwa sehemu na udogo huo. Matairi ya 145/80R10 na 165/70R10 bado yanatengenezwa. Ni suala la kuagiza nje na kusubiri. Mimi ningesubiri.

Fundi Mstaafu, Pongwe

Hoja ya ndugu yangu ni nzuri kwa gari la kuoshwa na kutazamwa. Huyu kijana anakwenda shambani, na akipasua tairi moja atasubiri meli.

Mwanangu, kabla hujanunua chochote, tazama mipira ya koni. Mini ya aina yako haina springi za chuma. Inabebwa na mipira, na mipira hiyo husinyaa kwa umri. Gari lililokaa bandani miaka mingi linaweza kuwa limeshuka kwa kimo kikubwa kuliko hicho unachotaka kukinunua kwenye rimu. Giaboksi lake limo ndani ya sampu (bakuli la oili), chini ya injini, na ndilo linalogonga mawe.

Mjukuu wa Raskazone

Shikamoo mzee wangu, na nawashukuru nyote. Jana jioni tulifungua upande wa mbele kushoto. Mpira uliotoka ulikuwa umebonyea katikati kama andazi lililokaliwa, na umepasuka pembeni. Nimeagiza seti nzima ya minne. Baada ya hapo nitafunga rimu za inchi 12 na 165/60R12, na nitapima kwa kuwakalisha wajomba zangu wawili nyuma, wenye uzito wa kutosha, huku nikikata usukani mpaka mwisho pande zote mbili.

Swali langu la mwisho ni kuhusu tairi la akiba: naweza kubaki na lile la inchi 10?

Fundi Mstaafu, Pongwe

Marahaba. Kwa dharura, ndiyo, bora liwe zima na si hilo la mwaka 2003. Lakini lisifungwe mbele. Gari hili linavutwa na magurudumu ya mbele, na yakitofautiana kipenyo, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu hayo mawili) itafanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka. Ukipata pancha mbele, hamishia mbele gurudumu la nyuma, hilo dogo ulifunge nyuma, uende taratibu mpaka kwa fundi pancha. Utanyanyua gari mara mbili, kwa hiyo kagua na jeki.