Naombeni ushauri: wasiwasi umenizidi, nataka kukaa kimya na Mungu porini

Kijana wa Kizota (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nipo Dodoma mjini, kazi yangu ya ofisini. Tangu Machi wasiwasi umenikaba. Usiku nashtuka saa 8 moyo unakwenda mbio, na usingizi haurudi tena. Nasali, ila maneno yanaishia mdomoni. Jumamosi nilitoka nje ya mji nikakaa chini ya mbuyu, kivuli kizuri, na kwa mara ya kwanza nikahisi sipo peke yangu. Nataka nirudi nikae muda mrefu. Nianzeje, na mtu akae kwa muda gani ndipo apate jibu?

Fagio la Chelewa
Pole sana. Anza na dakika 15, usizidishe. Toka saa 12 asubuhi jua halijachomoza, simu iache ndani. Kaa palepale kila siku, pekupeku. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, itoe ukihesabu 6, mara 10. Usivute kwa pupa: vidole vitakufa ganzi na kichwa kitazunguka, utadhani umezidiwa kumbe umehema kupita kiasi. Kisha chagua kitu kimoja, kitazame mpaka uone ambacho jana hukukiona. Hapo ndipo useme sala yako, hata kama ni neno moja.

Kinachowaangusha wengi ni kujikagua kila dakika: nimetulia? bado? Kujikagua huko ndiko wasiwasi wenyewe. Tena si lazima porini. Kufagia uwanja, kupeta uwele, kuchambua mlenda, yote yanafaa. Mikono ikiwa na kazi ya kurudiarudia, moyo hupata pa kushika.

Mtumishi
Mnampoteza kijana. Chini ya mibuyu watu hufanya matambiko. Aende kanisani, milango iko wazi.

Ustadhi
Kukaa chini ya mti si kuuabudu, ndugu yangu. Kurani sura ya 55 inasema miti inasujudu. Anayesali hapo kajiunga na wanaosali tayari.

Njia ya Kondoa
Kama ni utulivu, panda basi la Kondoa, upitilize hadi Kolo kwenye michoro ya miambani. UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Anzia ofisi ya mambo ya kale upewe mwongozaji. Ukikuta watu wako kwenye ibada zao za jadi, simama mbali na usipige picha.

Nesi wa Zamu
Mleta uzi, hapo mwanzo umesema "muda mrefu". Ni muda gani? Na kuna dawa yoyote unayotumia?

Kijana wa Kizota
Siku 3. Nafunga kavu, bila maji. Likizo nimeshaomba, bodaboda nimeshampa nusu ya nauli, kwa hiyo hilo tusilijadili.

Nesi wa Zamu
Swali la dawa hujajibu.

Kijana wa Kizota
Nilipewa vidonge vya wasiwasi kliniki mwezi Mei. Nimeviacha siku 6 zilizopita. Sikusema kwa sababu nilijua mtanirudisha hukohuko. Nataka Mungu aniponye mwenyewe. Na tangu niache kuna kitu kama umeme kinapita kichwani, na ndoto zimekuwa wazi mno. Kwangu hiyo ni ishara.

Nesi wa Zamu
Sina neno na imani yako. Ila huo umeme kichwani unajulikana. Dawa nyingi za aina hiyo zikikatwa ghafla, ndani ya siku chache huja kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto kali, mishtuko ya kichwani, na wasiwasi hurudi kwa kishindo. Ndiyo maana hupunguzwa kidogokidogo kwa wiki kadhaa, daktari akiangalia. Usijirudishie dozi kwa kukisia. Piga simu kliniki leo. Wakiwa hawapatikani, Mirembe, hospitali ya afya ya akili, ipo hapahapa mjini. Na kufunga kavu siku 3 kwenye jua na upepo wa Dodoma, mwili unakauka, figo zinaumia, akili inachanganyikiwa. Ukiwa peke yako porini hutajua kwamba umechanganyikiwa.

Mzawa wa Bahi
Wakuu, mnahangaika bure, hii ni chai. Septemba hii, mbuyu gani wa Dodoma una kivuli? Mbuyu unapukutisha majani kiangazi, unabaki matawi matupu kama mizizi iliyogeuzwa juu, mpaka mvua za Novemba au Desemba zikaribie. Huyu hajakaa chini ya mbuyu wowote.

Mtumishi
Nilihisi mapema. Moderata funga uzi.

Fagio la Chelewa
Usifungwe kwanza. Hata kama yeye katunga, kuna msomaji mwingine kaacha dawa leo.

Kijana wa Kizota
Sijatunga. Maneno ya Bahi yameniuma, asubuhi nikaenda kuutazama. Majani madogomadogo, yamepangana pande mbili za kijiti. Maganda ya kahawia yananing'inia. Siku ile nilikaa chini yake saa nzima na sikuwahi kuinua macho.

Mzawa wa Bahi
Huo ni mkwaju. Hauachi majani yake kiangazi kama mbuyu. Niwie radhi, ndugu yangu. Sasa sikiliza: majani ya mkwaju hujikunja usiku, yakafunguka asubuhi. Fika kabla hakujapambazuka vizuri, chagua kijiti kimoja kilicho usawa wa macho, ukae nacho mpaka kifunguke chote. Kagua chini kwanza, siafu hupenda vivuli.

Kijana wa Kizota
Kliniki nimepiga. Wamesema nifike kesho saa 2. Bodaboda nimemwambia anipitie saa 11 alfajiri, mkwajuni kwanza, halafu anipeleke. Habari ya siku 3 nitamwuliza daktari.

Nesi wa Zamu
Beba pakiti za dawa zilizobaki, zenye jina na miligramu. Na chupa ya maji. Unywe.