Mjadala: Filamu ikishasifiwa, mwongozaji ana haki ya kuibadilisha?

Mtoa mada

Wakuu, salaam. Mwaka 1988 George Lucas alifika mbele ya Bunge la Marekani kuwapinga waliokuwa wakizitia rangi filamu za zamani za nyeusi na nyeupe. Mwaka 1997 yeye mwenyewe akaitoa upya Star Wars, filamu yake ya 1977, ikiwa na picha za kompyuta ambazo hazikuwemo, na kwenye ile meza ya baa Greedo, mwindaji wa kulipwa, ndiye akawa anawahi kufyatua, siyo shujaa Han Solo. Toleo la 1977 likaadimika. Lililowekwa kwenye DVD za 2006 kama nyongeza lilichukuliwa kwenye mkanda mama wa LaserDisc (diski kubwa za video zilizotangulia DVD) za 1993, hafifu hata kwa kipimo cha mwaka huo.

Msimamo wangu: abadilishe atakavyo, ila toleo lililoingia sinema mara ya kwanza liendelee kuuzwa kwa ubora uleule. Inawezekana. Blade Runner ya 1982 ilikuwa na sauti ya Harrison Ford akisimulia, na mwisho wa furaha ulioungwa kwa picha za angani zilizobaki filamu nyingine, The Shining, ilipotengenezwa. Mwongozaji wake, Ridley Scott, aliviondoa vyote, lakini seti ya diski ya 2007 ilibeba matoleo matano, la 1982 likiwemo. Kila mtu achague lake.

fundi_rangi

Mkuu, nakupinga. Hilo "toleo la kwanza" unalolitaka mara nyingi halipo mahali popote likikusubiri. Negativu, yaani mkanda wa asili uliotoka kwenye kamera, haina rangi zilizoonekana sinema. Fundi wa maabara alipanga nguvu ya mwanga mwekundu, kijani na bluu kwa kila shoti, kwa namba za 1 hadi 50, ndipo kopi ikachapwa. Ukiiskani negativu leo unapata picha iliyopauka ambayo bado inasubiri maamuzi yote hayo. Utasema tafuta kopi ya wakati ule uilinganishe. Sawa, ila kopi nyingi zilizochapwa kwenye mkanda wa rangi wa Eastman (Kodak) kabla ya miaka ya 1980 zimegeuka waridi, kwa kuwa rangi ya samawati ndiyo hufifia kwanza. Ukizitazama huwezi kujua anga ilikuwaje.

Lazima mtu aamue. Mimi namkabidhi aliyeiongoza kazi.

Mtoa mada

Hoja nzito, lakini ushahidi haujapotea kote. Kopi za Technicolor zilizochapwa kwa kuhamisha wino hazififii hivyo, na Juni 2025 BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza, ilionyesha kopi ya aina hiyo ya Star Wars jijini London.

Na mwongozaji naye hukosea. William Friedkin, mwongozaji wa The French Connection, aliposimamia Blu-ray yake mwaka 2009 alizikoroga rangi mpaka nyuso na kuta zikatoka zimechujuka. Owen Roizman, aliyeipiga picha filamu hiyo ya 1971, alilalamika hadharani kwamba hakushirikishwa. Mwaka 2012 ikarudiwa, safari hii wote wawili wakihusika, na rangi zikatulia. Asiachiwe mtu mmoja. Mpiga picha mkuu awepo mezani.

fundi_rangi

Mpiga picha naye si kinga, ndugu yangu. Vittorio Storaro, aliyeipiga picha Apocalypse Now, ndiye aliyetaka ikatwe pande mbili kwenye diski, uwiano wa upana kwa kimo ushuke kutoka 2.35 hadi 2.00, kwa sababu aliamini huo ndio uwiano unaofaa filamu zote. Watu waliingojea picha kamili mpaka Blu-ray ya 2010.

Kuna pia mwongozaji wa Hong Kong, Wong Kar-wai. Filamu yake Fallen Angels ilitoka 1995 kwa uwiano wa 1.85. Kwenye urejeshaji uliotoka 2021 ameifanya 2.39, na ameeleza waziwazi kwamba ilibidi achague kati ya filamu kama watazamaji wanavyoikumbuka na filamu kama alivyoikusudia, akachagua ya pili. Huyu hajamdanganya mtu. Mnamlaumu kwa lipi?

mwanasheria_wa_kazi

Mnazungumza kana kwamba mwongozaji ndiye mwenye mali. Kwa sheria ya Marekani, filamu iliyotengenezwa kwa ajira ya studio, mtunzi wake kisheria ni studio. Ufaransa ni tofauti. Kampuni ya Turner iliitia rangi The Asphalt Jungle ya 1950, na kituo cha televisheni cha huko, La Cinq, kikataka kuirusha. Mwongozaji wake, John Huston, alikuwa amekwisha fariki mwaka 1987. Warithi wake walishtaki, na mwaka 1991 mahakama ya juu ikawapa haki.

Angalieni walioshinda kesi hiyo: si upande wa Huston tu, bali na Ben Maddow aliyeshirikiana naye kuandika muswada. Kama mwandishi ana haki ya kuzuia filamu isiharibiwe na kampuni, kwa nini asiwe nayo pale ambapo ni mwongozaji anayeigusa peke yake baada ya miaka ishirini?

kibandaumiza

Kwetu filamu zilizobadilishwa tumezizoea. Kwenye kibanda cha video DJ anatafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, anatia vichekesho vyake, mahali panapochosha anaruka. Hakuna anayeibiwa, maana kila aliyelipa kiingilio anajua amekuja kumsikiliza DJ.

Kinachoniuma ni mabadiliko yasiyotajwa. Chukueni Aliens ya 1986 kwenye diski ya 4K ya 2024. Mwongozaji wake, James Cameron, ameitetea, lakini sura za watu zimekuwa kama nta. Programu ya kusafisha picha inalinganisha kila fremu na jirani zake, na kitu kinachoonekana kwenye fremu moja tu inakihesabu ni uchafu. Punje za filamu, yaani chembechembe za mkanda zinazoonekana kwenye picha, hubadilika kila fremu, mara 24 kwa sekunde, kwa hiyo ndizo hufutwa kwanza. Zikiondoka huondoka na vinyweleo, mikunjo ya ngozi na nyuzi za kitambaa, na mara nyingine vumbi, cheche na mvua. Kisha wananoa kingo ili picha isionekane imefifia, ndipo unapata ule mstari mweupe kuzunguka kichwa.

Kabla ya kulaumu diski angalia televisheni yako: zima kilainisha mwendo, shusha ukali wa picha, au weka hali ya Filmmaker, inayozima marekebisho hayo, kama ipo. Kisha simamisha picha kwenye uso uliopigwa kwa karibu na utazame nywele zilizopigwa na mwanga kutoka nyuma. Zikiwa zimeshikana kama zimepakwa rangi kwa brashi, basi ni kazi ya programu.

Mtoa mada

fundi_rangi, kwa Wong nakubali nusu. Kueleza ni uungwana, lakini maelezo hayanirudishii 1.85.

Na wasiokuwepo je? Mwongozaji Sarah Maldoror alifariki Aprili 2020, na filamu yake Sambizanga ya 1972 ikakamilika kurejeshwa mwaka 2021, familia yake ikishirikishwa. Hakuna aliyedai kuiboresha. Kwa nini filamu ya marehemu ilindwe kuliko ya aliye hai?

fundi_rangi

Kwa sababu marehemu hawezi kuulizwa. Aliye hai anaweza, na jibu lake lina uzito kuliko kopi iliyogeuka waridi. Ninachokubali ni hiki: skani ya negativu itunzwe kama ilivyotoka kwenye mashine, kabla ya rangi, kabla ya kufuta punje, na kila shoti iliyobadilishwa iandikwe kwenye orodha inayouzwa pamoja na diski.

Mtoa mada

Orodha naipokea. Skani iliyofungiwa ghala la studio, ambayo mtazamaji hataiona, siihesabu kuwa toleo.