Kodi ya hitilafu P0011 imerudi baada ya kuweka soleinodi (valvu ya umeme) mpya ya VVT. Nianzie wapi?

TairiNne
Habari za wakati huu wakuu. Gari langu ni la silinda 4, VVT (mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka) iko kwenye kemshafti ya intaki, yaani shafti inayofungua valvu za kuingiza hewa. Asubuhi injini inawaka vizuri. Ikishapata moto, nikisimama tu sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inashuka, injini inatetemeka mpaka usukani unacheza mkononi, na mara nyingine inazima. Nikikanyaga mafuta inatulia. Mashine ilisoma P0011, fundi akasema ni soleinodi, nikanunua mpya. Siku 2 shwari, ya 3 yakarudi yale yale. Sasa ananiambia tufungue injini tubadilishe taimingi cheni (inayounganisha krenkishafti, shafti kuu ya injini, na kemshafti) pamoja na gia ya VVT. Naombeni msaada kabla sijakubali, gari hili ndilo linapeleka watoto shule.

Spana13
Pole sana mkuu. Badilisha cheni, usipoteze muda. Yangu ilisumbua hivyo hivyo, cheni mpya ikamaliza kila kitu.

OiliSafi
Spana13, yako ilitoa kodi gani? Cheni ikilegea mara nyingi unapata P0016, yaani krenkishafti na kemshafti hazisomani. P0011 inasema kemshafti imetangulia kuliko kompyuta ilivyoagiza. Haijasema nani kaitanguliza.

TairiNne, VVT inaendeshwa na oili. Kompyuta inatuma umeme kwenye soleinodi, ndani yake kuna pini inayoteleza mbele na nyuma, na pini hiyo ndiyo inayoamua oili iingie chumba gani cha gia ya kemshafti: cha kutangulizwa au cha kurudishwa nyuma. Pini ikikwama kwenye kutanguliza, valvu za intaki zinafunguka mapema wakati za ekzosi bado hazijafunga. Injini ikiwa sailensa, moshi unarudi ndani ya silinda na injini inatetemeka. Ukikanyaga mafuta inavumilia. Ndiyo maana dalili zako zinanipeleka kwenye oili kabla ya cheni.

Nijibu mawili: oili ni ya gredi gani na ina muda gani? Na je, kava ya valvu imefunguliwa karibuni?

TairiNne
Gredi siijui kaka, nilikuta imeshawekwa. Kava ilifunguliwa miezi 3 iliyopita, ilikuwa inavuja, wakaipaka silikoni.

OiliSafi
Silikoni hiyo ndiyo naihofia. Ikipakwa nyingi, ile inayojikunja kwa ndani inakatika vipande na kusafiri na oili.

Injini ikiwa ya moto na iko sailensa, chomoa soketi ya soleinodi. Ikiwa nzima, sailensa itakaa sawa. Kisha ipe volti 12 za betri moja kwa moja, sekunde chache tu isije ikaungua: injini inatakiwa itetemeke au izime. Ukiona inatetemeka hata soketi ikiwa nje, kuna kitu kimekwama, ama pini ama gia. Hapo fungua soleinodi uipe umeme mkononi, pini iruke na irudi yenyewe bila kusita.

WayaMwekundu
Naongezea, na multimita usiisahau. Kwa Toyota 1NZ-FE, ukinzani wa soleinodi unatakiwa kuwa omu 6.9 hadi 7.9 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Kwa injini nyingine angalia kitabu chake. Ila waya ukikatika kwa kawaida kodi huwa P0010, kwa hiyo kwako sidhani kama ni umeme.

Halafu kuna chujio wengi wanalisahau. Kwenye injini nyingi soleinodi ina wavu mdogo wa kuchuja oili. Wakati mwingine uko kwenye soleinodi yenyewe, wakati mwingine umejificha nyuma ya bolti kwenye silinda hedi, na watu wanabadilisha soleinodi 2 au 3 bila kuugusa. Toa bolti hiyo uutazame.

TairiNne
Wakuu, nimerudi. Nilichomoa soketi, injini ikaendelea kutetemeka vile vile. Nikafungua soleinodi mpya, nikaipa umeme, pini ikaenda nusu ikagoma. Nilipoisukuma kwa kijiti kikatoka kipande cha kijivu, laini kama ufutio, kidogo kuliko punje ya mchele. Wavu niliukuta nyuma ya bolti kama alivyosema WayaMwekundu: nusu umeziba kwa oili iliyoganda kama lami, pembeni umetoboka. Nimeweka wavu mpya, nimemwaga oili na filta, nimeweka 5W-30 kama kitabu kinavyosema. Leo siku ya 6, taa haijawaka na sailensa imetulia. Asanteni kutoka moyoni. Limebaki moja: asubuhi ikiwaka inagonga kama sekunde 1 halafu inanyamaza.

Spana13
Hongera mkuu, na samahani, ningekuingiza kwenye kazi kubwa bure. Je, amwage dawa ya kusafisha injini ili atoe vilivyobaki?

OiliSafi
Hapana, Spana13. Injini yenye lami kiasi hicho ukiisafisha kwa nguvu, uchafu unabanduka kwa pamoja na kuziba wavu wa pampu ya oili kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Afungue kava akwangue silikoni iliyobaki, aweke gasketi mpya, kisha abadilishe oili mapema mara 2 zinazofuata.

Huo mlio wa kugonga wa sekunde 1 mara nyingi ni pini ya kufungia gia ya VVT, haishiki vizuri, kwa hiyo gia inacheza hadi presha ya oili ipande. Urekodi kila asubuhi kwa simu wiki 2. Ukirefuka, au ukiona P0016, hapo ndipo tuzungumze gia na cheni.