Msumeno wa injini: cheni haitulii kwenye sailensi, lakini klachi inateleza wakati wa kukata

Mpasua_Mbao:
Habari zenu, wakuu. Ninao msumeno wa injini wa bei nafuu, wa aina ile iliyonakiliwa kutoka mashine za makampuni makubwa, wenye kibandiko cha cc 58. Mashine ikiwa kwenye sailensi, yaani injini ikiwaka bila kubonyeza mafuta, cheni inazunguka. Lakini nikianza kukata gogo nene, injini inapiga kelele huku cheni ikisimama, kisha harufu ya kuungua inatoka upande wa klachi. Inawezekanaje klachi hiyohiyo ishike wakati haitakiwi na iteleze wakati inatakiwa? Je, ninunue klachi nzima, au kuna jambo la kukagua kwanza?

Fundi_Injini_Ndogo:
Ndugu, dalili hizo hazipingani. Viatu vya klachi hubanwa na springi. Kasi ya injini ikipanda, hutanuka na kuishika ngoma inayozungusha sproketi, yaani gia inayovuta cheni. Kwa kawaida sailensi ya injini hizi huwa kati ya mizunguko 2,500 na 3,000 kwa dakika, na klachi huanza kushika inapopita 3,500 hivi. Springi ikilegea au ikikatika, viatu huigusa ngoma mapema na kujisugua muda wote mashine inapowaka, ngoma hupata moto, na viatu hulika hadi vinashindwa kubeba mzigo. Kwa hiyo huenda tatizo la kwanza ndilo lililozaa la pili.

Kabla ya kufungua chochote, rudisha skrubu ya sailensi, ambayo mara nyingi huwa na herufi T, kinyume cha mwendo wa saa hadi cheni isimame, na skrubu za L na H, zile za kurekebisha mafuta, uziache kama zilivyo. Cheni ikisimama na injini ikaendelea kuwaka vizuri, sailensi ilikuwa juu tu. Injini ikizimika kabla cheni haijasimama, shuku springi au beringi ya ngoma iliyokauka grisi. Lakini ikiwa sailensi inapanda na kushuka yenyewe, na mlio unabadilika unapoulaza msumeno ubavu mmoja, yaelekea sili ya krenki (kizuizi cha hewa kwenye shafti ya injini) inapitisha hewa, na hapo hata ukibadilisha klachi hutapata nafuu.

Mzee_wa_Plagi:
Nakubaliana na fundi, ila breki ya cheni isisahauliwe, maana ndiyo inayounguza klachi nyingi zisizo na kosa. Zima mashine, chomoa waya wa plagi, vuta kinga ya mkono nyuma ili breki iachie, kisha vaa glovu na uvute cheni kwa mkono. Ikiwa nzito, ama imekazwa kupita kiasi ama utepe wa breki bado unaibana ngoma. Kwenye mashine ambazo utepe huo umo ndani ya mfuniko wa klachi, hakikisha breki imeachia kabla ya kufungua mfuniko. Vinginevyo utepe utabaki umejibana na mfuniko hautarudi mahali pake.

Ukilazimika kuitoa klachi, kumbuka kwamba thredi zake ni za kinyume: hufunguliwa kwa kufuata mwendo wa saa, na nyingi zina mshale unaoonyesha hivyo. Ili krenki isizunguke, toa plagi, vuta kamba ya kuwashia taratibu hadi pistoni ipande na kuziba tundu la ekzosi, kisha ingiza kipande cha kamba laini kupitia tundu la plagi. Ukiingiza kamba mapema, pistoni itaikatia kwenye ukingo wa tundu la ekzosi, na kuvitoa vipande vyake ni kazi kubwa kuliko klachi yenyewe. Tafadhali usigonge viatu kwa patasi na nyundo. Vya mashine hizi huvunjika upesi.

Mpasua_Mbao:
Nashukuru sana, wakuu. Cheni inavutika kwa wepesi, kwa hiyo breki haihusiki. Nimefungua klachi na kukuta springi imekatika karibu na ndoano yake, viatu vimelika upande mmoja na vinang'aa kama kioo, na ngoma imegeuka rangi ya buluu. Je, springi mpya peke yake itatosha?

Fundi_Injini_Ndogo:
Haitatosha. Buluu hiyo ni alama ya moto mkali, na ngoma iliyofikia hapo ikikutana na viatu vilivyolika upande itaimaliza springi mpya upesi. Nunua viatu, springi, ngoma na beringi kwa pamoja. Usinunue kwa kutazama kibandiko, kwani mashine hizi mara nyingi huandikwa cc kubwa kuliko injini iliyomo. Nenda na ngoma ya zamani, linganisha kipenyo cha ndani, idadi ya meno ya sproketi na hatua ya cheni (nafasi kati ya viungo vyake), kama ni inchi 0.325 au 3/8, pamoja na mahali ngoma inaposhikana na gia ya pampu ya oili, kwa sababu pasiposhikana cheni itakata ikiwa kavu.

Kabla ya kufunga, futa oili yote iliyovuja hapo, na beringi ipakwe grisi kidogo sana, kwani inayozidi hurukia viatu na klachi itateleza tena. Sailensi irekebishwe upya baada ya mfuniko kurudi, wala usiiwashe mashine mfuniko ukiwa wazi.