Tupeane uzoefu: mshare au mshale? Majina ya migomba yanavyotamkwa kwenu

Wakuu habari zenu, naomba tukusanye hapa yaliyotukuta kwenye kutamka majina ya migomba, maana ukitamka vibaya unaweza kupewa mche mwingine kabisa na kosa unakuja kulijua mwaka umepita, mkungu ukishatoka.

Naanza mimi. Nimezaliwa Tanga nimeolewa Machame. Siku za mwanzo mama mkwe akaniambia twende tukakate mshare tupike mtori, nikaitikia "mshale", kama ule wa upinde. Hakucheka, akanishika mkono tukaingia kihambani, akaweka kiganja kwenye mgomba wenyewe akasema taratibu, "msha-re mwanangu, re". Tukarudia hadi ulimi ukakubali. Baadaye nikaona watafiti wanaandika Mchare, kwa hiyo cha na sha zote utazisikia, ila L usiiweke, hata pale soko la Mabibo ukisema mchale wanajua we mgeni wa ndizi.

Mdau wa Muleba:
Kwetu shida ni ile N ya mwanzo. Watu wa pwani wanasoma Nshakara wanaweka i katikati, "nishakara", Nchoncho inakuwa "nichoncho". Bibi alimfundisha shemeji yangu hivi, anza na e halafu iteleze yenyewe: enshakara, enchoncho, entobe. Ndivyo Kihaya kilivyo, ile e inakatwa tu mkungu ukishapanda lori kwenda Dar. Nyingine ni FHIA, migomba chotara iliyozalishwa na taasisi ya utafiti ya Honduras yenye jina hilo, ililetwa Kagera mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana wanaisoma herufi moja moja ila wazee tangu siku ya kwanza wanasema FIA na wao ndio wako sahihi, kwa sababu hizo herufi ni kifupi cha jina la Kihispania na Kihispania H hakiitamki. Ukienda kuomba mche taja na namba, fia kumi na saba na fia ishirini na tatu si mgomba mmoja.

Mdau wa Kirinyaga:
Mimi iliniuma mfukoni. Nilipiga simu kwa muuza miche nikamwambia nataka "grandi naini", nilipofika nimekodi pikapu nikakuta amenifungia miche tisa ya Williams, aina nyingine ya ndizi, yeye alisikia nine! Nilitaka arobaini. Grand Nain ni Kifaransa, mbilikimo mkubwa, hiyo d haisikiki na nain inatamkwa karibu na "nen". Siku hizi naandika kwa meseji kwanza halafu ndio napiga. Na jamani ile ndizi ya kupika ya huku kwetu ni Ng'ombe, kama ng'ombe wa maziwa, wengi wanasahau alama wakiandika na mgeni anasoma "ngombe" kama ngoma.

Mdau wa Kigoma:
Nachangia ya Yangambi Km5. Nilikuwa naita "yangambi kei emu faivu" nikidhani ni namba ya maabara, mpaka mjomba aliyeishi Kisangani akaniambia Yangambi ni mji kando ya mto Kongo, kuna kituo cha utafiti wa kilimo, na hiyo Km5 ni kilomita tano. Tangu hapo naitamka hivyo, Yangambi kilomita tano, na jirani zangu wameshika, maana jina la mahali halisahauliki. Mgomba wenyewe unavumilia sana ule ugonjwa wa majani wa sigatoka nyeusi.

Mdau wa Masaka:
Kwa Waganda KI inaelekea CHI, imeandikwa Kibuzi utasikia "chibuzi". Ukiisikia hivyo sokoni usidhani ni aina nyingine, nilishazunguka asubuhi nzima natafuta Kibuzi huku nimesimama mbele yake.

Asanteni sana wakuu. Wa Rungwe mko wapi? Mbalaga mnapika kila siku, hebu tuandikieni majina ya migomba yenu kwa Kinyakyusa na mtuonyeshe sauti inapanda wapi.