Kiua magugu kilikuwa kinadumu msimu mzima, sasa wiki nne tu: udongo unaweza "kuizoea" dawa?

Jembe la Mkono:

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada, maana jambo hili linaninyima usingizi.

Nina kipande cha mahindi ambacho nimekipulizia atrazini kila msimu kwa miaka 6. Misimu ya mwanzo ilikuwa raha tupu. Napulizia mara moja baada ya kupanda, na mahindi yanafunga mistari bila kushika jembe la palizi. Msimu huu, wiki ya nne tu, magugu yameota upya, ya majani mapana na nyasi pia. Kipimo ni kilekile, mvua haikuwa ya ajabu. Nikajua nimeuziwa dawa feki.

Ila pembeni kuna ukanda nilioufyeka mwaka huu, zamani ulikuwa kichaka. Niliupulizia siku ileile, kwa bomba lilelile lililobaki na dawa. Kule ni peupe mpaka leo.

Jirani yangu anasema udongo umeizoea dawa. Udongo hauna akili wala kumbukumbu, unazoeaje? Mwenye ujuzi anieleze taratibu.

Mzee wa Palizi:

Pole sana ndugu. Yaliwahi kunikuta, ila kwangu shida ilikuwa magugu yenyewe kuwa sugu. Gugu la aina moja tu lilisimama tangu siku ya kwanza, mengine yote yakafa. Angalia kama na kwako ndivyo.

Binti Rutuba:

Shikamoo Mzee wa Palizi, umegusa penyewe. Usugu wa magugu upo kweli. Uliripotiwa Marekani mwaka 1970, na baadaye ikajulikana kwamba badiliko la asidi amino moja tu, yaani pingili moja ya mnyororo wa protini, kwenye protini ambayo atrazini huing'ang'ania ndani ya jani, linatosha gugu lisisikie dawa. Lakini gugu sugu halingoji wiki nne. Linapita kwenye dawa tangu mwanzo, tena huwa ni la aina moja au mbili. Kaka Jembe anasema yote yalinyamaza, kisha yote yakarudi. Hapo dawa ilifanya kazi, ikaisha. Na ukanda wa kichaka umeshaiondolea dawa lawama ya kuwa feki.

Kaka, jirani yako yuko sahihi. Walioizoea ni bakteria wa udongoni.

Nimefanya kazi maabara ya udongo miaka 11, na atrazini ndiyo iliyonifanya niwapende viumbe hawa. Dawa hii haiyeyuki sana kwenye maji, takribani miligramu 33 kwa lita. Ukiitia kwa wingi kwenye agari, ile jeli ya kukuzia bakteria kwenye sahani za maabara, tuseme miligramu 500 kwa lita, sahani nzima inakuwa na weupe kama maji ya chokaa. Unachukua udongo wa shamba lililopuliziwa miaka mingi, unauzimua kwa maji mara kadhaa, unapaka tone juu ya sahani, unafunika, unasubiri. Siku moja unafungua na kukuta kidoa cha bakteria kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, na kukizunguka kuna duara safi unaloweza kusomea gazeti. Weupe umetoweka. Wameila. Mara ya kwanza kuliona duara lile niliita kila aliyekuwemo kwenye jengo aje atazame.

Wanaila kwa nini? Molekuli moja ya atrazini ina atomu 5 za naitrojeni, na udongoni naitrojeni inagombaniwa. Shida ni klorini iliyobandikwa kwenye pete ya atomu iliyo katikati ya molekuli. Ikishang'olewa na nafasi yake kukaliwa na oksijeni na haidrojeni kutoka kwenye maji, kinachobaki hakiui magugu tena. Hatua hiyo moja tu ndiyo inayokuumiza wewe shambani. Zinazofuata, za kukata mikono ya pembeni na kuipasua pete mpaka ibaki amonia na kaboni dioksidi, ni faida ya bakteria.

Sasa hilo swali lako la kumbukumbu, ambalo ndilo zuri kuliko yote. Miaka ya 1940 mwishoni, mtafiti wa London aitwaye L. J. Audus alikuwa akizungusha maji yenye kiua magugu cha 2,4-D kwenye udongo, yanapita, yanarudishwa, yanapita tena. Siku za mwanzo dawa haikupungua sana. Ghafla ikaanza kuisha mbio. Akatia dozi ya pili kwenye udongo uleule, na safari hii hakukuwa na kusubiri. Bakteria wachache walioweza kuila walikuwa wamezaana, na sasa ni jeshi. Kila msimu unapopulizia, unawalisha hao hao. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya udongo: hesabu ya nani yuko wengi.

Uwezo wenyewe ulitoka wapi, wakati atrazini imetengenezwa na binadamu na kuingia mashambani mwishoni mwa miaka ya 1950? Watafiti wa Minnesota, Marekani, walimpata bakteria wa jamii ya Pseudomonas mahali palipomwagika dawa, wakampa jina ADP na kumtangaza mwaka 1995. Kimeng'enya chake, yaani protini inayofanya kazi ya kung'oa klorini, kina asidi amino 475. Kuna kimeng'enya kingine cha bakteria kinachoshughulika na melamini, ile ya kutengenezea sahani ngumu za plastiki. Ukivilaza sambamba, vinatofautiana kwa asidi amino 9 tu! Cha melamini karibu hakina habari na atrazini, na cha atrazini hakina habari na melamini. Mimi nikitazama hizo herufi 9 namwona fundi aliyechukua ufunguo wa mlango mmoja akausugua kidogo tu ukafungua mwingine. Ila fundi hayupo. Makosa ya kunakili jeni hutokea kila siku kwa matrilioni ya bakteria. Karibu yote hayana faida, na lile moja linalompa mwenyewe naitrojeni ambayo wenzake hawaipati ndilo linalobaki.

Tena hawajifungii nayo. Jeni hizo za ADP zimo kwenye plasmidi, duara la DNA lililo kando ya kromosomu, lenye herufi karibu 109,000. Bakteria wawili wakigusana, nakala inavuka kwenda kwa mwenzake, hata kama si wa ukoo mmoja. Jeni za hatua 3 za mwanzo za kuivunja dawa zimetawanyika humo mbalimbali, na jirani zake ni vipande vya DNA vinavyojulikana kwa kuhamahama. Yaani zimeokotwa huku na huku. Jeni karibu sawa kabisa zimekutwa kwa bakteria wa aina tofauti, kwenye mabara tofauti.

Jembe la Mkono:

Dada, nimesoma mara tatu. Ahsante sana. Sasa nina mawili. Nitathibitishaje bila maabara? Na nyuma ya stoo kuna sehemu iliyowahi kumwagikiwa atrazini, mpaka leo haioti kitu. Nikipeleka ndoo za udongo wa hili shamba, hawa bakteria watasafisha?

Binti Rutuba:

La stoo kwanza. Wazo lako lina mantiki na limewahi kujaribiwa kwa njia inayofanana. Kwenye eneo lililomwagikiwa atrazini nyingi huko South Dakota, watafiti walitia bakteria waliokwisha kuuawa lakini wenye kile kimeng'enya tumboni, pamoja na fosfati. Baada ya wiki 8 atrazini ilikuwa imepungua kwa asilimia 77. Lakini usimimine ndoo ukaondoka. Bakteria wako wakifika pakavu hawafanyi kitu, kwa hiyo lowesha, chimbua hewa iingie, changanya kabisa. Mbolea ya naitrojeni usitie, ukiwapa naitrojeni ya bure mara nyingi hawahangaiki na ile ya kuitafuta ndani ya dawa. Na kama palimwagika dawa nyingine pia, hawa ni wa atrazini tu. Kuna sumu, kama DDT, ambazo hukaa udongoni miongo, zimenata kwenye mboji na hakuna anayezifikia.

Uthibitisho sasa. Tafuta makopo 8 yasiyotobolewa, maji yasishuke na dawa. Manne jaza udongo wa kipande cha zamani, manne udongo wa ukingoni ambako hujawahi kupulizia kabisa. Tenga kopo moja moja bila dawa, upate la kulinganishia. Sita zilizobaki zipange chini, upite na bomba kwa mwendo wako uleule wa shambani. Siku hiyohiyo panda maharage kwenye kopo moja la kila udongo, na kwenye yale mawili ya kulinganishia. Baada ya wiki mbili panda jozi ya pili, baada ya wiki nne ya tatu. Udongo uwe na unyevu wakati wote, hata kwenye yasiyo na mbegu.

Usikate tamaa maharage yakichipua vizuri kila mahali. Atrazini inazuia usanisinuru, haizuii mbegu kuota, na mche una akiba yake ya chakula. Subiri majani halisi yatoke, ndipo utaona yanaanza kupauka kingoni. Kama jozi ya wiki ya nne inastawi kwenye udongo wa zamani na inakufa kwenye wa ukingoni, umewapata. Maharage hayo usiyale, na makopo usiyarudishe ndani.

Weka mbegu tano kila kopo, kaka. Ukiweka moja ikafa hutajua kilichoiua.